Tunajuaje? Swali Linalokosekana katika Somo la Sayansi

Muulize mwanafunzi yeyote aliyemaliza elimu ya msingi kati ya dunia na jua ni kipi kinachokizunguka kingine, naye atakujibu bila kusita kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kisha muulize amejuaje. Nimeliuliza swali hilo mara nyingi, kwa watoto na kwa watu wazima wenye shahada, na karibu kila mara nimepewa jibu moja: tulifundishwa hivyo. Macho yetu yanashuhudia kinyume chake kila siku, maana jua linaonekana likichomoza upande mmoja na kuzama upande mwingine ilhali ardhi imetulia tuli chini ya nyayo zetu, na bado tunaliamini jibu la darasani kuliko macho yetu wenyewe bila kuweza kutaja hata sababu moja ya kufanya hivyo.

Jibu hilo ni sahihi, lakini safari ya kulifikia haikuwa nyepesi. Mwanafalaki Nicolaus Copernicus alichapisha hoja yake mwaka 1543, na si kila aliyempinga alikuwa mjinga au mtumwa wa mapokeo. Tycho Brahe, mpimaji hodari wa anga kuliko wote wa zama zake, alikuwa na pingamizi lenye mantiki kamili: kama dunia inahama kutoka upande mmoja wa jua hadi upande wa pili katika muda wa miezi sita, basi nyota zilizo karibu zinapaswa kuonekana zimesogea kidogo zikilinganishwa na zile za mbali, kama vile mti ulio karibu unavyoonekana kuhama mbele ya mlima pale mtu anapopiga hatua kando. Aliutafuta msogeo huo asiuone. Ushahidi mwingine ulikuja kidogo kidogo, ukiwamo ule wa Galileo, ambaye kuanzia mwaka 1610 aliona kwa darubini miezi ikiizunguka sayari ya Mshtarii, na Zuhura ikipitia awamu kama za mwezi wetu. Lakini msogeo wenyewe aliouhitaji Tycho haukupimwa hadi mwaka 1838, Friedrich Bessel alipoukuta kwenye nyota iitwayo 61 Cygni, nao ulikuwa mdogo mno: ukiigawa digrii moja katika sehemu 3,600 zilizo sawa, msogeo huo ni kama theluthi ya sehemu moja tu. Tangu Copernicus achapishe hoja yake hadi kipimo hicho kupatikana, ilikuwa imepita karibu miaka 300.

Mwanafunzi hupewa tokeo la miaka hiyo yote katika sentensi moja, ainukuu daftarini, aikariri na kuijibu kwenye mtihani. Ninaamini kwamba hilo ndilo kosa kuu la namna tunavyofundisha sayansi shuleni, na kwamba kila mjadala wa mtaala unaoanza kwa kuuliza ni mada zipi ziongezwe umeanzia mahali pasipofaa. Kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi anastahili kukipata katika somo hili ni uwezo wa kueleza jinsi jambo linavyojulikana: lilipimwa na nini, likalinganishwa na nini, kosa lake lingeweza kuwa kubwa kiasi gani, na ni ushahidi gani ungetulazimisha kuliacha.

Sisemi kwamba maarifa yenyewe hayana thamani. Wako wanaodai kwamba katika zama za intaneti hakuna haja ya kukariri chochote, kwa kuwa kila kitu kinatafutika kwa sekunde chache, na madai hayo nayaona hatari. Mtu hawezi kulitilia shaka jambo asilolijua hata kidogo, wala hawezi kuuliza swali zuri juu ya betri kama hajapata kusikia habari za elektroni. Yapo mambo machache ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyabeba kichwani maisha yake yote: kwamba maada yote imeundwa kwa atomi, kwamba nishati haiumbwi wala haipotei bali hubadilika umbo, kwamba viumbe hai vina asili moja na vimetofautiana kwa mageuko ya muda mrefu sana, kwamba magonjwa mengi ya kuambukiza huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tofauti ninayoidai ni kwamba kila moja kati ya haya lifundishwe pamoja na njia yake. Atomi, kwa mfano, ziendane na habari ya chembe ndogo zilizoonwa na Robert Brown mwaka 1827 zikitikisika ndani ya maji bila kukoma, na jinsi Albert Einstein alivyokokotoa mwaka 1905 kwamba mtikisiko wa aina hiyo ndio unaotarajiwa iwapo maji yameundwa kwa molekuli zinazozigonga chembe hizo kutoka pande zote. Anayeijua habari hiyo anaweza kumweleza mdogo wake kwa nini tunaamini kuwapo kwa kitu ambacho kwa karne nyingi hakuna aliyekiona.

Tukiingia maabara, au hata tukibaki uwanjani kwa kukosa maabara, jambo la kwanza la kufundisha ni kupima, tena kupima pamoja na kosa la kipimo. Hapa ndipo somo letu limeharibika zaidi. Mwanafunzi anaambiwa aning'inize jiwe kwa uzi, alisukume kidogo, ahesabu muda wa mizunguko yake, kisha aoneshe kwamba uzi ukirefushwa mara nne muda wa mzunguko mmoja huongezeka mara mbili. Uzi wa karibu sentimita 25 hutoa mzunguko wa kama sekunde moja, na ule wa karibu mita moja hutoa sekunde mbili. Jibu hilo analijua kabla hajaanza, kwa hiyo anapopata sekunde 2.3 anafuta na kuandika 2.0. Wanafunzi wenyewe wana neno lao kwa kitendo hicho: kupika majibu. Mwalimu anayetoa alama kwa kuangalia ukaribu wa jibu na kile kilichoandikwa kitabuni anawafundisha wanafunzi wake upishi huo, na kuwazoeza tabia ambayo mtafiti yeyote angefukuzwa kazi kwa ajili yake. Ile 2.3 ndiyo iliyokuwa na somo ndani yake. Ilitoka wapi? Je, saa ilichelewa kusimamishwa? Je, jiwe lilisukumwa kwa nguvu mno? Je, uzi ulipimwa hadi juu ya jiwe ilhali ulipaswa kupimwa hadi katikati yake? Jaribio likirudiwa mara kumi, majibu yametawanyika kiasi gani?

Vifaa vya gharama havihitajiki kwa kazi hii. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mwanazuoni wa Kigiriki Eratosthenes alipata habari kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan nchini Misri, jua la mchana wa siku ndefu kuliko zote za mwaka huwa utosini kabisa, ilhali siku hiyo hiyo mjini Alexandria vitu hutupa kivuli ambacho pembe yake alikadiria kuwa sehemu moja ya 50 ya duara zima. Umbali kati ya miji hiyo ulikadiriwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kizio cha urefu cha Wagiriki wa kale), hivyo mzingo wa dunia ukawa stadia 250,000. Kijiti, kivuli na hesabu ya kuzidisha vilitosha kuupima mwili wa dunia ambayo hakuna mtu aliyekuwa amepata kuizunguka. Shule mbili zilizo mbalimbali kaskazini na kusini zinaweza kulirudia jaribio hilo, kila moja ikipima kivuli cha fimbo yake wakati kilipo kifupi kuliko vyote, na kulinganisha majibu. Wanafunzi wakipata kilomita 37,000 au 44,000 mahali pa 40,000, mjadala wa sababu za tofauti hiyo utawafaa kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Wanahistoria wangali wanabishana kuhusu urefu wa stadia aliyoitumia Eratosthenes, na kwa sababu hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika alikosea kwa asilimia ngapi. Kizio kisichoeleweka huiondolea namba maana yake, na hilo halikuishia zama za kale. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipokuwa kikiikaribia Mirihi, na uchunguzi ukabaini kwamba programu moja iliyotumika duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa vizio vya pauni ilhali waliozipokea walizichukulia kuwa vizio vya nyutoni. Pauni moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45. Wahandisi waliosomea kazi yao kwa miaka mingi walikipoteza chombo kwa kosa lile lile ambalo mwanafunzi hukatwa alama moja kwa kulifanya, na nadhani mwanafunzi akisimuliwa habari hiyo ataacha kuliona kato hilo kuwa uonevu.

Upo mfano mwingine wa upimaji ambao kwa kawaida husimuliwa nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanganyika, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu aliouweka jokofuni ungali moto uliganda kabla ya ule uliokwisha kupoa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuliacha swali lake. Baadaye alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne, ambaye aliamua kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Simulizi hukomea hapo, kwa ushindi wa mwanafunzi aliyedharauliwa. Sehemu iliyobaki ndiyo ninayoitaka ifundishwe. Tangu wakati huo watafiti wengi wamelirudia jaribio hilo, wengine wakaliona jambo lenyewe na wengine wasilione, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja hivi ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti inayofanana kabisa na hiyo inayotafutwa. Umbo la chombo, mvuke unaopotea, hata maana ya neno "kuganda", yote yanaingia katika hesabu. Mpemba alistahili kusikilizwa, na hilo linabaki kweli hata kama jambo aliloliona litakuja kupata maelezo tofauti na yale tuliyoyazoea. Mwanafunzi anayeweza kuyashika mawazo hayo mawili kwa pamoja ameuelewa utafiti.

Baada ya kupima huja kulinganisha, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu uamuzi mwingi mzito ambao mtu wa kawaida ataufanya maishani kuhusu dawa, chakula au madai anayoyasikia unategemea uwezo huu kuliko uwezo wa kusawazisha mlinganyo wa kemia. Katika miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wadi mbili za uzazi. Katika ya kwanza, ambako wanafunzi wa udaktari walifundishwa, karibu akina mama 10 kati ya kila 100 walikuwa wakifa. Katika ya pili, iliyokuwa ya wakunga, walikufa karibu 4. Ignaz Semmelweis, daktari wa hospitali hiyo, alizipitia sababu zilizotajwa moja baada ya nyingine. Msongamano haukufaa kuwa sababu, kwa kuwa wadi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Walisema ni namna ya kulala wakati wa kujifungua. Akaibadilisha, vifo havikupungua. Walisema ni hofu, kwa kuwa padre aliyekwenda kuwahudumia wanaokufa alipita katika wadi ya kwanza akitanguliwa na mlio wa kengele. Akamwomba padre apite njia nyingine kimyakimya, vifo havikupungua.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1847, daktari mwenzake, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti na akafa kwa dalili zile zile za akina mama wale. Semmelweis akaiona tofauti iliyokuwa mbele ya macho ya wote: madaktari na wanafunzi wao walitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, jambo ambalo wakunga hawakulifanya. Aliagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Vifo katika wadi ya kwanza, vilivyokuwa zaidi ya 18 kwa kila 100 mwezi Aprili mwaka huo, vilishuka hadi karibu 2 kufikia Juni. Hakujua lolote kuhusu bakteria. Kazi za Louis Pasteur na Robert Koch zilizothibitisha nafasi ya vijidudu zilikuja baadaye. Alichokuwa nacho ni wadi mbili, hesabu ya vifo, na uvumilivu wa kuliondoa kila elezo lililoshindwa. Wengi wa wakuu wa fani yake hawakumkubali, naye alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Sijui simulizi nyingine inayomwonesha kijana kwa uwazi kiasi hicho namna ya kuvitenganisha visababishi, na pia jinsi ukweli uliopimwa unavyoweza kukataliwa na watu waliosoma.

Kutoka hapo njia ya kuelekea kwenye majaribio ya dawa ya siku hizi ni fupi. Mwaka 1948 yalichapishwa nchini Uingereza matokeo ya jaribio la streptomycin kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu cha mapafu, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu ili daktari asipate nafasi ya kuwachagulia dawa wale aliodhani watapona. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 kati ya 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya 52 waliopewa mapumziko ya kitandani pekee. Mwanafunzi wa miaka 15 anaweza kuzielewa namba hizi kikamilifu, na akishazielewa hatashawishika kwa urahisi na mtu anayesema: nilikunywa kitu fulani nikapona. Atauliza wangapi walikunywa wasipone, na wangapi walipona bila kukinywa.

Pamoja na hilo ifundishwe hesabu ya uwezekano, kwa mifano inayogusa maisha. Tuseme upo ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya 1,000, na kipimo chake hukosea mara moja tu katika kila 100, kwa wagonjwa na kwa wazima sawasawa. Umepimwa, ukaambiwa unao. Wengi hudhani uwezekano wa kuwa mgonjwa kweli ni asilimia 99. Wahesabu watu 10,000: wagonjwa ni 10, na karibu wote watagunduliwa, wazima ni 9,990, na karibu 100 kati yao wataambiwa kwa makosa kwamba ni wagonjwa. Katika watu 110 hivi walioambiwa wanaumwa, wagonjwa wa kweli ni 10 tu, yaani chini ya mmoja kati ya kumi. Hesabu hii haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya, na ndiyo inayoeleza kwa nini daktari mwangalifu hurudia vipimo kabla ya kutoa hukumu. Ningekuwa na uwezo wa kuingiza saa moja tu katika mtaala mzima, ningeingiza hii.

Lipo pingamizi ambalo nimelisikia kwa walimu ninaowaheshimu, nalo halipaswi kupuuzwa. Wanasema kwamba tukiwafundisha vijana kuuliza "mmejuaje?" kila mara, tutakuza kizazi kisichoamini kitu, kitakachozikataa chanjo na kuyaita mabadiliko ya tabianchi uzushi, kwa kuwa wapotoshaji nao husema kila siku: usiamini, uliza maswali. Hofu hiyo ina msingi. Shaka iliyofundishwa nusu ni hatari kuliko utiifu. Lakini tazama tofauti iliyopo kati ya mtu anayeuliza swali na kuondoka nalo kana kwamba ni jibu, na mtu anayeuliza kisha akakaa kusikiliza vipimo. Mwanafunzi akiuliza tunajuaje kwamba hewa ya kabonidayoksaidi inaongezeka angani, yapo majibu ya kumpa: John Tyndall alipima mwaka 1859 na kuonesha kwamba gesi hiyo hunasa joto, Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 kwamba kuiongeza angani kungeipasha dunia joto, na kuanzia mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima mfululizo juu ya mlima Mauna Loa kisiwani Hawaii, ikiwa karibu sehemu 315 katika kila milioni, nayo leo imepita 420. Akiuliza tunajuaje kwamba chanjo hufaa, ndui haipo tena, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza kutokomezwa kwake mwaka 1980. Aliyezoezwa kudai ushahidi hukubali anapoupata. Aliyezoezwa kukubali kwa sababu mwenye mamlaka amesema atakubali pia atakapokuja mwenye mamlaka mwingine mwenye sauti kubwa zaidi, na sioni ni kwa vipi utiifu wa namna hiyo unaweza kuitwa kinga dhidi ya upotoshaji.

Tukigeukia teknolojia, tatizo lina sura nyingine. Shule nyingi zinapojisifu kwamba zinafundisha teknolojia huwa zinafundisha kubofya: hapa panafunguliwa faili, pale panabadilishwa ukubwa wa herufi. Stadi hizo zina matumizi yake, na huzeeka haraka. Miaka mitano baadaye kitufe kimehamishwa, na mwanafunzi hana alichobaki nacho. Kisichozeeka ni kanuni zilizo chini yake. Afahamu kwamba herufi A huhifadhiwa ndani ya kompyuta kama namba 65, ambayo kwa mfumo wa tarakimu mbili ni 1000001, na kwamba tarakimu hizo si kitu zaidi ya swichi ndogo mno zilizowashwa au kuzimwa. Picha, sauti na ujumbe wa mapenzi vyote hugeuzwa kuwa namba za aina hiyo. Afahamu kwamba programu ni maelekezo yaliyopangwa kwa mfuatano, ambayo mashine huyatii hata pale yanapokuwa na kosa, na aandike machache mwenyewe, hata kwa karatasi na kalamu, ili aonje ugumu wa kueleza jambo bila kuacha pengo. Afungue redio mbovu. Azungushe waya kwenye msumari, aupitishie waya huo umeme wa betri, aone msumari ukigeuka sumaku, kisha aambiwe kwamba uhusiano huo huo kati ya umeme na sumaku ndio unaozungusha mota na kuzalisha umeme katika jenereta.

Kuhusu akili mnemba, ambayo sasa wanafunzi wengi wanaitumia kuandika kazi zao za nyumbani, sioni faida ya kuipiga marufuku wala ya kuishangilia. Swali letu la awali linatosha. Mfumo unaotoa majibu kwa lugha fasaha umejengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza ni neno gani linaelekea kufuata jingine. Ufasaha wake hauthibitishi ukweli wa jibu lake, na unaweza kukosea kwa lugha ile ile ya kujiamini unayoitumia unapopatia. Mwanafunzi aupe swali la somo analolijua vizuri, atafute makosa, aandike ameyagunduaje. Zoezi hilo humfunza asili ya mashine hiyo, na papo hapo humpima yeye kama kweli analijua somo lake, kwa sababu asiyelijua hataona kosa lolote.

Bado hatujagusa lile ambalo katika mitaala mingi halipo kabisa, yaani matokeo ya teknolojia baada ya kutoka mikononi mwa walioibuni. Thomas Midgley aligundua mwaka 1921 kwamba kuongeza mchanganyiko wenye madini ya risasi ndani ya petroli kulizuia injini kugonga, na miaka michache baadaye alishiriki kubuni gesi za kupozea majokofu ambazo hazikuwaka wala kumdhuru anayezivuta, zikachukua nafasi ya gesi za sumu zilizotumika kabla yake. Katika maabara, uvumbuzi wote wawili ulifanya kile kilichokusudiwa. Madhara ya risasi yalianza kuonekana kwa upana kwa njia isiyotarajiwa: Clair Patterson, aliyekuwa akipima risasi ndani ya vimondo ili kupata umri wa dunia, alikuta sampuli zake zikichafuliwa na risasi iliyotapakaa kila mahali, ikabidi ajenge chumba kisafi kuliko maabara yoyote ya wakati wake. Mwaka 1956 alichapisha umri huo, miaka bilioni 4.55, kisha akatumia miaka mingi akionesha kiasi gani mazingira yetu yamejaa risasi iliyotokana na shughuli za binadamu. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya namna hiyo kwa magari ilifanya hivyo mwaka 2021, karne moja kamili baada ya ugunduzi. Na zile gesi za majokofu, Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba zingeliharibu tabaka la ozoni. Pengo juu ya Antaktiki likaripotiwa mwaka 1985, na mwaka 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal ya kuzipunguza.

Katika visa hivi viwili mwanafunzi anapata kemia, biashara, sheria na maadili kwa pamoja, bila kuhubiriwa. Ataona kwamba kitu kinaweza kuwa salama mkononi na kuwa hatari angani, kwamba waliofaidika na waliodhurika hawakuwa watu wale wale, na kwamba kosa liliweza kurekebishwa kwa sababu walikuwapo watu waliopima na serikali zilizokubali kusikiliza. Nafasi ya somo la namna hii iko ndani ya kipindi cha kemia chenyewe. Likipelekwa kwenye somo la uraia, mwanafunzi atajifunza kwamba matokeo ya sayansi ni shughuli ya watu wengine.

Mwalimu aliyesoma hadi hapa atauliza, kwa haki kabisa, muda wa haya yote utatoka wapi. Utatoka kwenye mada zenyewe. Nusu ya istilahi tunazozidai katika baiolojia zinaweza kuondoka bila mtu yeyote kupata hasara, na mwanafunzi anayetaka kuwa tabibu atazikuta mbele ya safari. Mada chache zikifundishwa kwa kina zitamwachia uwezo wa kujisomea nyingine. Najua pia kwamba mwalimu hufundisha kile kinachotahiniwa, wala simlaumu, maana yeye na wanafunzi wake hupimwa kwa mtihani huo. Kwa hiyo mtaala mpya usiobadilisha mtihani haubadilishi kitu.

Naupendekeza mtihani wa aina hii. Mtahiniwa apewe jedwali la wadi mbili za Vienna, idadi ya waliojifungua na ya waliofariki katika kila moja, pamoja na maelezo mafupi ya nani walihudumu wapi, bila kutajwa jina la Semmelweis wala jibu lake. Aombwe kupendekeza maelezo matatu ya tofauti hiyo, na kwa kila moja aseme angebadilisha nini, angehesabu nini, na matokeo gani yangemfanya aliache wazo lake. Maelekezo ya usahihishaji yasiwe na neno "bakteria" kama jibu la lazima. Atakayeandika bakteria bila kueleza angelijaribuje wazo hilo apate alama ndogo, na atakayeandika kwamba kengele ya padre ndiyo inayoua, kisha akaeleza kwamba angeinyamazisha kwa miezi miwili, akahesabu vifo vya wadi zote mbili na kuliacha wazo lake iwapo visingepungua, apewe alama zote za swali hilo.